"Mimi sina peslipu, niwekee naili": uongo tunaoambiana kila Juni kuhusu ritani za KRA

Wiki ya mwisho ya Juni, watu wakikimbilia kupeleka ritani (ile taarifa ya mapato ya mwaka uliopita) kwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, saiba yetu hapa Nakuru hujaa hadi watu wanasimama kwa ngazi, na karibu kila anayekalia kile kiti cha plastiki anaanza na wimbo uleule: "Kijana, mimi sina peslipu, niwekee tu naili nirudi Njoro." Nikimuuliza mwaka jana alikuwa anakula nini ananiangalia kama nimemtukana.

Dhana: huna peslipu, wewe ni naili

Hapana. Naili, yaani ritani ya sifuri, ni ya mtu ambaye Januari hadi Desemba hakupata kitu, mwanafunzi kwa mfano, ama yule amekaa tu nyumbani anangoja kazi. Kwa iTax, ule mtandao wa KRA wa kufailia, kuna milango mitatu: naili, ile fomu fupi ya mshahara pekee, na ile ndefu ya Excel ambayo unadaunlodi, unajaza, kisha unaiapload. Watu wanaikimbia hiyo ya tatu juu ina kurasa nyingi na ukikosea seli moja inakataa, lakini pesa ya biashara, ya konsaltansi, ya shamba, zote zinaandikwa humo. Na saiba zenye haraka zinapenda naili sababu ni dakika mbili na mteja anaondoka akifurahi, tuseme tu ukweli.

Sasa sikia hii. Kuna mama hufunza vikundi vya wakulima, hana mwajiri, shirika moja lilimlipa jumla ya 400,000 kwa mwaka na kila malipo likakata 5% ya withholdingi (kodi ambayo anayekulipa anaikata kabla hajakupa pesa), yaani 20,000 ikaenda KRA kwa PIN yake. Yeye kila Juni alikuwa anawekewa naili. Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Gharama zake zenye risiti za eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, zilikuwa 60,000, tukabaki na 340,000. Ile 288,000 ya kwanza inatozwa 10%, hiyo ni 28,800, na 52,000 iliyobaki inatozwa 25%, hiyo ni 13,000, jumla 41,800. Toa rilifu ya mwaka (punguzo la kodi) 28,800, anadaiwa 13,000. Na alikuwa ameshakatwa 20,000! Serikali ndiyo ilikuwa inashikilia 7,000 yake, na akiweka naili ni kama anasema hiyo pesa haimhusu, mbali na kwamba anadanganya mapato yake na cheti cha withholdingi kiko palepale kwa akaunti kinamtazama.

Akanyamaza, halafu akauliza polepole, "Na ile ya mwaka juzi?" Nikamwambia ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5. Akavuta kiti mbele. Bila zile risiti za eTIMS lakini hizo 60,000 hatungezitoa, tangu Januari 2024 gharama bila invoisi ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi, kwa hivyo ile karatasi ya kuandikiwa na kalamu dukani usiitegemee.

Dhana: wameshakata, tumemalizana

Inategemea ni pesa gani. Riba ya benki inakatwa 15% na gawio la hisa 5%, na kwa mkaazi wa Kenya hizo zinaishia hapo, huongezi kitu. Lakini ile 5% ya konsaltansi au mafunzo ni advansi tu, hesabu yenyewe inafanywa kwa ritani.

Kwa mama wetu ilimwangukia vizuri. Kwa mwalimu mmoja wa Kondele aliyekuja huku likizo haikumwangukia. Mshahara wake umeshapita 388,000 kwa mwaka, kwa hivyo kila shilingi ya juu inakaa kwa 30%. Alipata 100,000 ya kufunza wenzake wikendi, akakatwa 5,000, akajua ameshinda. Kodi ya hiyo laki ni 30,000, toa 5,000, amebaki na deni la 25,000. Na alikuwa amefaili ile fomu fupi ya mshahara pekee kama kawaida yake, yenye haina hata mahali pa kuandika hiyo laki. "Lakini Mwalimu, hukuambiwa?" "Aliyeniambia nani?" Ni kweli, nani angemwambia.

Dhana: kila kitu kinachoingia M-Pesa ni mapato

Hii inatisha watu bure. Mkopo si mapato, pesa umetumiwa na ndugu ya kununua dawa si mapato, mchango wako wa chama ukirudi kwa zamu yako ni pesa yako mwenyewe. Biashara ndiyo mambo mengine: ukiuza zaidi ya milioni 1 lakini hujapita milioni 25 kwa mwaka kuna tanova taksi, 3% ya mauzo yote, si faida, kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Konsaltansi na kodi ya nyumba haziingii humo.

Dhana: kodi nalipwa, silipi

Hiyo niliambiwa na mzee mmoja wa Kaptembwo mwenye ploti, na nikacheka kwa sababu kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa, neno ni moja. Ana rumu 8 za 3,500, hiyo ni 28,000 kwa mwezi, 336,000 kwa mwaka. Ukipita 288,000 na hujapita milioni 15, unalipa 7.5% ya kodi uliyopokea (ilikuwa 10% hadi mwisho wa 2023), kwake ni 2,100 kwa mwezi. Akaanza kunihesabia: rangi, fundi wa choo, mkopo wa sako. Nikamwambia mzee hapa hakuna kutoa gharama yoyote, ndiyo maana asilimia iko chini, na ukishalipa hiyo huirudii tena kwa ritani ya mwaka.

Na usidhani chini ya 288,000 umesamehewa. Hiyo inaingia kwa ritani ya mwaka pamoja na mapato yako mengine, hapo gharama unatoa, lakini kama una mshahara kama wa yule mwalimu, faida inakutana na ile 30%. Mwenye rumu 6 anaweza kulipa zaidi kuliko mwenye 8, sijui nani alipanga hivyo.

Mzee akafungua kitabu chake, kile cha mistari chenye jalada jekundu, kila mpangaji na ukurasa wake. "Namba 6 ilikaa tupu Machi na Aprili. Hiyo je?" Unalipia ulichopokea, nikamwambia, na hata mwezi ambao hujapokea kitu kabisa unafaili naili ya huo mwezi, hapo ndipo naili inakufaa. Akaandika pembeni mwa ukurasa wa namba 6, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa nyuma. "Haya, nipigie kila tarehe 18." Nimemsevu kwa simu kama Mzee Kodi.