Mafuta ya gari la Serikali: kwa nini lita hazilingani na kilomita

Kila mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, malalamiko ya aina mbili hutufikia kwa pamoja sisi wa kitengo cha usafirishaji. Wananchi hutuma picha za magari yenye namba za Serikali yakiwa yameegeshwa sokoni, shuleni au mbele ya baa, wakiuliza kama hayo ndiyo matumizi ya kodi zao. Madereva na wakuu wa idara nao hulalamika kwamba mgao wa mafuta umebanwa pasipo kuangalia kazi. Pande zote mbili zina hoja, na pande zote mbili zina mambo ambayo tumeyaeleza mara nyingi lakini bado yanarudiwa.

Fedha zinazozungumzwa si ndogo. Hotuba ya bajeti ya mwaka 2022/23 ilitaja zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka kwa kununua, kuhudumia na kutia mafuta magari ya Serikali. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipanda hadi Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na hatuna uwezo wa kuzibadili. Kilicho mikononi mwetu ni idadi ya lita.

Tuanze na picha. Namba za STK, STL na nyingine za familia hiyo ni za wizara na idara. SM ni serikali za mitaa, SU ni mashirika ya umma, na DFP ni miradi ya wafadhili. Kila kundi lina mlipaji wake wa mafuta. Ukituma picha ya mlango wa nyuma wa Land Cruiser jeupe bila namba kamili, saa na mahali, hakuna ofisi itakayoweza kulifungua daftari la gari hilo. Halafu, gari kuonekana Jumamosi si ushahidi wa kosa. Matumizi nje ya saa za kazi yanaruhusiwa kwa kibali cha maandishi, na kibali hicho dereva hutembea nacho. Chanjo, mitihani na uokoaji havisubiri Jumatatu. Ila gari likiwa baa saa nne usiku, tunakubali kwamba hakuna kibali cha namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ufanisi wa mafuta haupimwi kwa kuangalia gari limetumia shilingi ngapi, wala kwa kulinganisha gari la Kigoma na la Dar es Salaam. Hupimwa kwa kilomita kwa lita, gari moja likilinganishwa na lenyewe, mwezi hadi mwezi. Njia ni ya kujaza hadi kujaza. Jaza fulu tanki hadi pampu ikate yenyewe, usiongeze kwa kubembeleza. Andika palepale namba ya odomita, yaani kihesabu kilomita. Tumia gari kama kawaida. Ukirudi, jaza tena hadi pampu ikate, ikiwezekana kwenye pampu ileile na gari likiwa limesimama tambarare. Lita ulizojaza mara ya pili ndizo zilizotumika.

Tuchukue mfano wa Land Cruiser hardtop ya dizeli yenye injini ya lita 4.2 isiyo na tabo (turbo). Odomita ilisoma 84,210, sasa inasoma 84,786. Hizo ni kilomita 576. Pampu imeingiza lita 74. Gawanya 576 kwa 74, unapata kilomita 7.8 kwa lita. Gari la aina hiyo likiwa zima, lenye mzigo wa wastani na njia mchanganyiko, kati ya 7 na 8 ni kawaida. Mwezi unaofuata gari lilelile likaenda kilomita 520 kwa lita 82, hiyo ni 6.3, yaani limeshuka karibu asilimia 19. Hapo maswali yanaanza. Lakini maswali, si hukumu. Kosa la wakuu wa vitengo wengi ni kumwita dereva mwizi kabla hawajamwita fundi.

Kinachoharibu hesabu hii mara kwa mara ni kujaza nusunusu. Dereva anapewa lita 30 leo, 20 kesho, 40 keshokutwa, tanki halijai hata siku moja, na mwisho wa mwezi mtu anajumlisha lita na kugawanya kwenye kilomita. Jibu linalotoka ni namba tu. Haijulikani tanki lilianza na kiasi gani na limeishia na kiasi gani. Kwa gari la matanki mawili, kama hardtop ndefu yenye lita 90 mbele na 90 nyuma, kosa linaweza kufika lita mia moja na ushee bila mtu yeyote kuiba hata kikombe. Kama bajeti hairuhusu kujaza kila mara, jazeni angalau mara moja kwa mwezi, tarehe ileile.

Jambo jingine ni tairi. Hardtop iliyotoka kiwandani na tairi za 7.50R16 ikifungwa 265/70R16, kipenyo cha gurudumu kinapungua kwa asilimia 3 hadi 4. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo odomita inahesabu kilomita ambazo gari halikwenda, na ufanisi unaonekana umepanda. Ukifunga tairi kubwa kuliko za awali, kinyume chake. Andikeni saizi ya tairi kwenye daftari siku zinapobadilishwa. Hatuelewi kwa nini hili ni gumu.

Gari likishuka ghafla, fundi aanze na vitu vya bei nafuu. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kibao kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Filta ya hewa ifunguliwe, hasa kwa magari ya barabara za vumbi, ambako ratiba ya kiwandani haifai. Kisha breki. Tembeza gari kilomita kumi hivi bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki hiyo inashika, na mafuta yanalipa msuguano huo njia nzima. Angalieni pia kama gia ya 4x4 haikusahaulika imefungwa tangu safari ya matope. Moshi mweusi wakati wa kupanda unaelekeza kwenye nozeli au hewa haba. Mlio wa injini ukipanda bila mwendo kupanda, klachi inateleza. Na joto la injini likikaa chini siku nzima, thamostati imebaki wazi, kwa hiyo injini inakula kama bado haijapata moto. Hayo yote TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, huyaona kwenye ukaguzi wa kabla ya matengenezo. Ukaguzi wa baada ya matengenezo nao ni wa lazima, na ndio unaorukwa zaidi kwa sababu kila mtu ana haraka ya safari.

Fundi akisema gari ni zima, tunarudi kwa binadamu, na si dereva peke yake. Injini kubwa ya dizeli ikiunguruma imesimama na kiyoyozi kimewashwa hula kati ya lita moja na mbili kwa saa, kutegemea injini na joto la siku. Kikao kinachochukua saa nne nzima, gari likiwa nje linapozwa ili mheshimiwa asikute joto, ni lita 4 hadi 8. Kwa gari letu la mfano hizo ni kilomita 30 hadi 60 ambazo odomita haikuziona. Mwisho wa mwezi anaulizwa dereva. Dereva hawezi kumwambia bosi wake "mzee, nazima". Kwa hiyo tunaliandika hapa kwa niaba yake. Kisingizio kwamba kuwasha upya kunakula mafuta mengi si kweli: gari likisimama zaidi ya dakika moja, kuzima ni nafuu. Kilicho kweli ni kwamba injini ya tabo iliyotoka mwendo mkali iachwe dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Dakika mbili, si kikao kizima.

Mwendo nao. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa unaongezeka kwa karibu asilimia 89. Keria tupu juu ya paa inaongeza tena, ivueni kama haina kazi. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Kwa hesabu ya makaratasi, 110 inaokoa saa moja na nusu dhidi ya 80. Barabarani, kwa vibao vya 50 na tochi za trafiki kila kijiji, haiokoi hata nusu ya hiyo, ila mafuta ya kukimbilia kila kibao na kufunga breki yanalipwa yote. Kwa ofisa mmoja mwenye mkoba mmoja, treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, na gari lake linakula lita 60 hivi kwenda tu.

Kuhusu lalamiko kwamba "V8", yale magari makubwa ya viongozi, yanakula mafuta mno, mwananchi ana hoja. Gari la zaidi ya tani mbili na nusu halitakula kama la mjini hata likiendeshwa na malaika. Nani anastahili gari gani huamuliwa na ngazi nyingine, si kitengo cha usafirishaji. Wanaotaka magari yote yatiwe gesi asilia wajue kwamba magari mengi ya Serikali ni ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, mafuta huwaka kwa mgandamizo, kwa hiyo mfumo wa gesi unaofungwa kwenye gari la petroli haufungwi hapo hivihivi. Mitungi ya shinikizo la bar 200 ina uzito na inakula nafasi ya mzigo, na vituo vingi viko Dar es Salaam. Kwa magari ya petroli ya mjini, wazo ni zuri. Na tafadhali, kujaza alfajiri ili kupata mafuta "mazito" hakuna faida: tanki la sheli liko ardhini na joto lake halibadiliki kwa saa chache.

Utaratibu wa karatasi. Taasisi huweka fedha kwanza GPSA, wakala wa Serikali wa huduma za ununuzi, kisha huchukua mafuta kwa hati. Hati iandikwe namba ya gari, aina ya mafuta, lita, kusudi la safari, na odomita ya siku hiyo, isainiwe na mwenye mamlaka kabla gari halijaondoka, si baada ya kurudi. Risiti ibandikwe, na namba yake iandikwe kwenye daftari la safari, lile madereva wanaloliita logibuku. Kila safari iwe na tarehe, saa ya kutoka na kurudi, odomita ya kuanzia na kumalizia, mahali palipotajwa kwa jina na sahihi ya ofisa aliyebebwa. "Mizunguko ya mjini" si mahali. Mafuta yaliyolipwa lakini hayaonekani kwenye daftari ni hoja ya ukaguzi ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, na hoja hiyo haifutwi kwa maelezo kwamba daftari lilipotea.

Tukague pia ujazo wa tanki. Hilux yenye tanki la lita 80 haiwezi kuwa na risiti ya lita 95 kwa mkupuo mmoja. Risiti kama hizo zipo, na anayezisaini pasipo kuangalia ni mshiriki. Kwa sheria ya kuzuia rushwa, Sura ya 329, kifungu cha 22, kutumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumdanganya mwajiri ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 7, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kosa ni nyaraka, kwa hiyo lita 10 na lita 1,000 zinaingia kwenye kifungu kilekile. Kando ya mahakama kuna mashtaka rasmi ya kinidhamu, ambayo adhabu zake ni kupunguzwa mshahara, kushushwa cheo au kufukuzwa kazi. Kurudisha fedha hakufuti shauri.

Odomita ikifa, dereva atoe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, aandike namba ya mwisho iliyosomeka, na kilomita za kila safari zijazwe kwa umbali wa barabara unaojulikana hadi itengenezwe. Gari lisilo na odomita wala taarifa hiyo, hati yake ya mafuta irudishwe bila kusainiwa, hata kama bosi ameshakaa kiti cha mbele.