Vita na madaraja ya chini ya soka la Italia: yanayosemwa na yaliyotokea

"Vita vilisimamisha ligi mwaka 1940." Si kweli. Italia iliingia vitani Juni 1940, lakini Serie A, B na C, yaani madaraja matatu ya juu ya ligi, zilichezwa misimu mitatu zaidi, hadi 1942/43. Kilichozivunja ni Septemba 1943: Italia iliposalimu amri, Wajerumani wakashika kaskazini, majeshi ya Washirika yakapanda kutoka kusini, na hakuna timu iliyoweza kuvuka katikati.

"Spezia walikuwa wazimamoto waliobahatisha ubingwa." Hapana, Spezia ilikuwa klabu ya Serie B, ya mji wa La Spezia. Wachezaji waliandikishwa katika kikosi cha zimamoto cha mji, wakaepuka kupelekwa jeshini. Wachezaji wa Torino, klabu ya mji wa Turin, nao waliandikishwa kama wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha FIAT, wakacheza kwa jina la Torino FIAT. Ligi ya kaskazini ya 1944 ilichanganya madaraja kwa makundi ya mikoa, na tarehe 16 Julai, katika uwanja wa Arena mjini Milan, Spezia iliifunga Torino ya wachezaji nyota Mazzola na Piola 2-1. Kocha Ottavio Barbieri alimwacha beki mmoja huru nyuma ya wenzake, asafishe kila mpira uliopenya. Huo ni ufundi, na unastahili kuheshimiwa hivyo. Ila wanaosema Spezia ina scudetto, yaani ubingwa rasmi wa Italia, nao wanakosea: mwaka 2002 shirikisho, FIGC, liliipa taji la heshima tu.

"Mwaka 1945 kila timu ilirudi darajani kwake." Hapa ndipo wengi hupotea. Reli na barabara za kuvuka milima ya Apennine zilikuwa zimebomolewa, kwa hiyo msimu wa 1945/46 ulichezwa kwa kanda. Kati na kusini kulikuwa na timu tano tu za Serie A: Roma, Lazio, Bari, Fiorentina na Livorno. Zikaongezwa sita za Serie B, ikiwemo Salernitana iliyopanda kutoka Serie C mwaka 1943. Kaskazini, timu za B na C zikachezeshwa pamoja.

Serie B ikavimba hadi makundi matatu, na waliolipia ni wadogo. Msimu wa 1947/48 kila kundi lilikuwa na timu 18: ya kwanza ilipanda, ya 2 hadi ya 7 zikabaki, kuanzia ya 8 zote zikashuka. Timu 33 kati ya 54 ziliangukia Serie C kwa mkupuo mmoja, ili Serie B irudi kuwa kundi moja. Serie C yenyewe ilisubiri hadi 1952 kuwa kundi moja.