“Mhandisi Ni Hesabu Tu” na Dhana Nyingine Nilizochoka Kuzisikia

Wiki iliyopita nimeisikia tena, hapa ofisini Arusha, kwa mzazi aliyemleta kijana wake kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. “Injinia, wewe mfundishe kazi. Hayo maadili na stadi za mawasiliano chuoni wanajazia ratiba. Mhandisi ni hesabu tu.”

Hapana, mzee wangu. Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru hupita kwenye miamba ya volkano yakabeba floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nilipokuwa mgeni kazini tulichimba kisima upande huo. Hesabu zote zilikaa sawa, pampu haikusumbua, maji yakatoka meupe pe. Bibi mmoja alishatuonya kwamba maji ya bonde lile yanaharibu meno. Tulimwamkia vizuri, tukaendelea kupima kina. Majibu ya maabara yalipokuja, floraidi ilikuwa mara kadhaa ya kiwango. Ndipo nikawakumbuka wajukuu zake waliosimama kando ya mtambo wakitutazama, meno yao ya kahawia, yenye vishimo. Tulikuwa nao kutwa nzima. Hakuna fomula ya kuniambia niwatazame. Ni elimu ya historia na ya jamii ingenizoesha kuuliza watu wa hapa wamekunywa nini, tangu lini.

“Kiwango kikiruhusu, ni salama.” Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa maji yalikuwa adimu. Usikariri kiwango bila kujua kiliwekwa kwa nini.

“Ukichemsha, inaisha.” Haiishi! Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale. Kama huwezi kumweleza hivyo mama aliye jikoni, ripoti yako ya kurasa 60 haijamfaa kitu.

“Maadili maana yake usile rushwa.” Mwaka 1981, Kansas City, Marekani, njia za juu ndani ya hoteli zilianguka na kuua watu 114. Nondo moja ndefu ya kuning’inizia ilikuwa imebadilishwa kuwa mbili fupi, nati ya juu ikabebeshwa mzigo maradufu, na mchoro ukapitishwa bila hesabu kurudiwa. Haikuwa rushwa. Wahandisi waliohusika walinyang’anywa leseni.

Kijana nimempokea. Jumatatu anaanzia kijijini, kwenye foleni ya ndoo, na daftari mkononi. Pampu ataikuta.