Kidole tumbo kikishapasuka: mtoto afanyiwe upasuaji leo au asubiri?

Mzazi akiambiwa kidole tumbo cha mwanawe kimepasuka, huuliza jambo moja tu: anaingia lini chumba cha upasuaji? Tukimjibu kwamba tutaanza na dawa, na kwamba upasuaji utafanyika baada ya wiki kadhaa au pengine usifanyike kabisa, huona tumekwepa kazi. Simlaumu. Hata sisi madaktari wa upasuaji wa watoto tunabishana juu ya hili wodini.

Karibu theluthi moja ya watoto wanaougua kidole tumbo hufika hospitali kikiwa kimeshatoboka au kimeoza. Kwa walio chini ya miaka 5, hali hiyo huwakuta walio wengi. Mtoto mdogo hajui kueleza anaumwa wapi, halafu utando wa mafuta unaofunika matumbo yake bado ni mwembamba na mfupi, hauwezi kuzingira tundu na kuliziba. Ugonjwa wenyewe nao una hila zake. Kidole tumbo kikipasuka, mgandamizo uliokuwa ndani yake hushuka na maumivu hupoa kwa muda. Mtoto analala, nyumba inatulia, kisha homa inapanda upya na tumbo linakuwa gumu. Na usaha ukituama chini kwenye nyonga huuchokoza mwisho wa utumbo mpana, mtoto akawa anaharisha kidogo kidogo. Huyu anaweza kutibiwa kuharisha kwa siku kadhaa kabla hajatokea mtu wa kumlaza chali na kumpapasa tumbo vizuri.

Matibabu ya mwanzo hayana ubishi: dripu, dawa ya maumivu, na antibaotiki za mshipani mara tu ugonjwa unapotambuliwa. Seftriaksoni pamoja na metronidazo, mara moja kwa siku, zimeonekana kufanya kazi sawa na ule mchanganyiko wa zamani wa dawa tatu, na mtoto anapumzika na sindano za kila mara. Mtoto aliyekaukiwa maji hapewi nusu kaputi kabla hajajazwa maji mwilini.

Baada ya hapo ninachotaka kujua ni kama usaha umesambaa tumboni au umezingirwa sehemu moja. Ultrasaundi hutosha mara nyingi. CT, yaani picha ya eksirei inayochakatwa na kompyuta, naiagiza nikikwama tu, kwa sababu ya mionzi yake.

Usaha ukiwa umesambaa, mtoto anafanyiwa upasuaji, ikiwezekana ndani ya saa 24. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2011 uliwagawa watoto 131 wenye kidole tumbo kilichotoboka: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakapewa dawa na kupangiwa upasuaji wiki 6 hadi 8 baadaye. Waliopasuliwa mapema walirudi kwenye shughuli zao baada ya siku 14 hivi, wenzao 19. Matatizo yaliwapata asilimia 30 ya kundi la mapema, na asilimia 55 ya waliosubirishwa. Tena takriban theluthi ya waliosubirishwa hawakufika tarehe waliyopangiwa. Hali iliwalazimu kupasuliwa kabla. Kwa mtoto wa namna hii sioni sababu ya kungoja.

Napendelea njia ya matundu madogo na kamera, kwa kuwa vidonda huoza mara chache kuliko mkato mmoja mkubwa. Kuhusu kuosha tumbo kwa lita za maji, jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa kama amri, utafiti wa mwaka 2012 kwa watoto 220 haukuona tofauti kati ya kuosha na kunyonya usaha tu. Karibu mmoja kati ya watano alipata jipu jipya tumboni, aoshwe asioshwe. Mimi hunyonya tu.

Mjadala wa kweli uko kwa mtoto anayeletwa baada ya siku 5 au zaidi, akiwa na jipu lililozingirwa au uvimbe unaoshikika upande wa kulia. Ukiingia hapo unakuta matumbo yamegandana kama karatasi zilizolowa gundi, na kuyatenganisha ni rahisi kuyatoboa. Wakati mwingine unajikuta unakata kipande cha utumbo ambacho kingepona chenyewe. Kwa huyu naanza na antibaotiki, na jipu likiwa kubwa linalofikika, mrija mwembamba unapitishwa kwenye ngozi kwa kuongozwa na ultrasaundi. Nampa saa 48 hadi 72. Homa isiposhuka, au akitapika na tumbo kujaa, mpango wa kusubiri umekufa. Niseme pia kwamba utafiti mdogo wa mwaka 2010, wa watoto 40 wenye jipu, haukuona tofauti ya jumla ya siku za kulazwa kati ya kupasua mwanzoni na kupasua baadaye, kwa hiyo mwenzangu anayepasua siku ya kwanza simwiti mzembe.

Akipona kwa dawa, je, kidole tumbo kitolewe baadaye? Zamani tulikitoa kwa kila mtoto. Utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, uliochapishwa 2017 na kuhusisha watoto 106, ulionyesha kuwa kati ya waliofuatiliwa tu bila kupasuliwa, asilimia 12 hivi ndio waliorudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja. Upasuaji wa baadaye nao una madhara yake. Siku hizi nawaeleza wazazi njia zote mbili, isipokuwa picha ikionyesha kijiwe cha kinyesi kilichoganda ndani ya kidole tumbo. Kijiwe hicho huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, kwa hiyo hapo nashauri kitolewe.

Mtoto huruhusiwa akishaanza kula, homa ikikata na maumivu yakitulizwa kwa dawa za kunywa. Antibaotiki humaliziwa nyumbani. Jipu jipya hupenda kujitokeza wiki ya kwanza au ya pili baada ya upasuaji, wakati kidonda cha nje kinaonekana kizuri kabisa. Homa ikirudi siku hizo, au mtoto akikataa chakula na kuanza tena kutembea ameinama, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.