Puti Haizuii Maji: Vitundu Vidogo Kwenye Mshono wa Bodi ya Gari

Gari limetoka kwa fundi bodi, rangi inang'aa, mwenye gari anachekelea. Masika moja ikipita, vipele vinachomoza kwenye mstari uleule uliochomelewa. Rangi ndiyo inayolaumiwa. Sisi wakufunzi wa bodi tukiletewa gari la namna hiyo tunakwangua, na mara nyingi tunakuta puti nene ya kujazia na kusawazisha bati, na chini yake kitundu kama cha sindano.

Kitundu hicho ni njia ya gesi iliyonaswa kabla chuma hakijaganda. Gereji zetu nyingi hapa Dar es Salaam, kuanzia Keko hadi Tabata, hufanyia kazi nje, chini ya mti au turubai. Upepo wa bahari ukivuma, gesi inayokinga mshono inapeperuka. Kutu, grisi na rangi ya zamani navyo huchangia. Halafu kuna zinki, ambayo imepakwa kwenye bati la magari mengi yanayotoka Japani. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo inageuka mvuke mapema na kujitafutia pa kutokea. Mvuke huohuo ndio unaompa fundi homa jioni, na maziwa anayokunywa hayamsaidii kitu. Kinachomsaidia ni barakoa ya kuchuja mvuke wa metali.

Puti ni resini ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, na hufyonza unyevu. Maji yakipenya kwa nyuma kupitia kitundu, bati linapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inaisukuma puti, puti inainua rangi. Anayeishi Kigamboni au Msasani huliona hili mapema zaidi, kwa sababu ya chumvi ya hewani.

Kuvipata vitundu ni rahisi. Baada ya kusaga mshono kwa greinda, tena kwa mkono mwepesi maana bati la bodi huwa na unene wa kama milimita 0.7 hadi 1, weka tochi nyuma yake gizani. Panapopenya mwanga, maji nayo yatapenya. Safisha hadi chuma kitupu, shikilia kipande cha shaba kwa nyuma (chuma kilichoyeyuka hakinati kwenye shaba), piga nukta moja, acha ipoe, piga nyingine. Ukichomelea mfululizo bati litajikunja. Bati likiwa limeliwa hadi jembamba, usilizibe. Likate uweke jipya. Na kabla ya yote hayo, betri iwe imechomolewa.

Kosa ninaloliona sana linakuja baadaye: fundi anapaka praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) upande wa nje tu. Moto umeshaunguza kinga ya kiwandani pande zote mbili, na upande wa ndani ndio usioonekana. Futa kwa tina, paka praima ya epoksi ya kuchanganya nje na ndani, kisha ziba maungio kwa silanti ya poliuretani. Ile silikoni ya mabomba inayonuka siki iache dukani, kwa kuwa asidi yake inaleta kutu na rangi haishiki juu yake. Puti ije juu ya epoksi.

Kwenye uvungu wa milango na mbavu za chini (ile sehemu ya bodi iliyo chini ya milango), ambako mkono haufiki, nta ya kupuliza ndiyo dawa, baada ya rangi kukauka. Oili chafu, pamoja na umaarufu wake, inaharibu raba na kudondokea ardhini. Wala usizibe matundu ya kutolea maji yaliyoachwa na kiwanda. Ukishapita kwenye maji ya Jangwani siku ya mvua, hayo ndiyo yanayoikausha mbavu.

Ukipeleka gari lako, kubaliana na fundi upite siku moja kabla hajapaka puti. Nenda na tochi.