Lubumbashi–Kinshasa kwa ndege: saa moja kwenda, saa tatu kurudi?

Mama mdogo alileta tiketi karibu na taa, kidole juu ya namba mbili: kuondoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, 10:00, kufika N'djili, uwanja wa Kinshasa, 11:00. Akashuka kwenye mstari wa kurudi: kuondoka 10:00, kufika 13:00. "Avio gani inaenda saa moja, inarudi saa tatu?" Kwake hiyo ilikuwa ndege mbovu, na karibu aahirishe safari.

Hapa Lubumbashi wengi wanaisoma tiketi hivyo, na inaniuma, maana si kosa lao: hawakuelezwa kuwa kila saa kwenye tiketi ni ya mahali ndege ilipo. Kongo ina kanda mbili za saa. Katanga, Kasai na Kivu ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, mwaka mzima. Ndege inapoondoka Luano saa nne asubuhi, Kinshasa ni saa tatu. Inakaa hewani saa mbili: kwetu ni saa sita, kule ni saa tano. Wakati wa kurudi inakaa hewani saa mbili zilezile.

Wengine husema dunia ndiyo inayozunguka na kuisogeza Kinshasa karibu na ndege. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Angalia Mbuji-Mayi: nayo iko magharibi ya Lubumbashi, ila inafuata saa yetu, kwa hiyo muda wa kwenda na wa kurudi unakaribiana hata kwenye tiketi. Upepo wa juu unaweza kuongeza au kupunguza dakika kadhaa, basi.

Kuhusu umbali, zile kilomita zaidi ya 2,000 zinazotajwa ni za barabara, inayozunguka kupitia Kolwezi, Mbuji-Mayi, Kananga na Kikwit. Angani ni karibu 1,550.

Wala si kila ndege inamaliza kwa saa mbili. Jeti inakwenda takriban kilomita 800 kwa saa. Ya propela ikienda 500, safari inapita saa tatu. Ikitua Kananga njiani, ongeza muda wa kushuka, kusubiri na kupaa tena. Mimi huuliza mambo hayo mawili kabla sijatoa pesa.

Chungeni sana wakati wa kurudi. Nilimwona kijana ametua Luano, saa ya mkononi bado ni ya Kinshasa. Alijua ni saa sita, akakaa kunywa chai taratibu. Ilikuwa saa saba, na basi lake la Kolwezi lilikuwa limeshaondoka.