Permafrosti: maana yake, barafu yake na kemia yake

Permafrosti ni ardhi ambayo halijoto yake imebaki nyuzi 0 za Selsiasi au chini ya hapo kwa muda usiopungua miaka miwili mfululizo. Maana hii, ambayo ndiyo inayotumiwa na wataalamu, inazungumzia halijoto tu. Haisemi kwamba ni lazima pawe na barafu. Mwamba mkavu wenye baridi ya kiasi hicho ni permafrosti, na katika mabonde makavu ya Antaktika uko udongo ambao karibu hauna barafu kabisa, nao huitwa kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba mahali fulani pana permafrosti amepewa nusu ya habari, na tena nusu iliyo nyepesi. Lililo zito ni kujua udongo huo umebeba barafu kiasi gani, na maji yaliyomo yamechanganyika na nini.

Kiasi cha barafu hupimwa kwa njia isiyo na ugumu. Kipande cha udongo kilichotolewa ardhini kwa keekee hupimwa uzito, huwekwa katika joko la nyuzi 105 mpaka kikauke kabisa, kisha hupimwa tena. Uzito uliopungua ni wa maji, nao hugawanywa kwa uzito wa udongo mkavu, si kwa uzito wa kipande kizima. Hapa ndipo msomaji anapokuta asilimia 200 katika ripoti akadhani mwandishi amekosea. Tuchukue kipande cha gramu 1,800: kikikauka kikabaki na gramu 600, maji yaliyokuwamo ni gramu 1,200, yaani mara mbili ya udongo wenyewe, na hiyo ndiyo asilimia 200. Tukihesabu kwa ujazo, kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko madini ya udongo, ilikuwa imechukua takriban asilimia 85 ya kipande hicho. Kikiwa kimeganda ni kigumu kama jiwe. Kikiachwa mezani mpaka kiyeyuke, kinachobaki ni maji ya tope yenye mashapo kidogo chini.

Barafu inayozidi nafasi ambayo udongo ungekuwa nayo kati ya chembe zake kama usingeganda huitwa barafu ya ziada, na ndiyo inayowakosesha wahandisi usingizi, kwa sababu ikiyeyuka ardhi hushuka. Bomba la mafuta linalokatiza Alaska, ambalo lilianza kazi mwaka 1977, lina urefu wa kilomita 1,288 hivi, na zaidi ya nusu yake imeinuliwa juu ya nguzo. Penye mwamba au changarawe yenye barafu chache bomba lilizikwa kwa njia ya kawaida. Penye barafu nyingi, mafuta yenye joto yangeyeyusha ardhi, basi likapandishwa juu, na nguzo nyingi zikatiwa mirija yenye amonia inayoliondoa joto kutoka ardhini na kulipeleka hewani wakati wa baridi.

Barafu ya ziada haitokani na maji yaliyoganda pale pale yalipokuwa. Udongo unapoganda kutoka juu, maji yaliyo chini huvutwa kuelekea sehemu inayoganda, yakajikusanya na kuwa matabaka membamba ya barafu safi, moja juu ya jingine. Udongo wa chembe laini, ambao si mchanga wala si mfinyanzi mzito, ndio unaofanya hivi kwa wingi. Aliyelala kambini kwenye miinuko ya juu ya Mlima Kenya au Kilimanjaro huenda ameuona mwenendo huu kwa kiasi kidogo: alfajiri, sindano za barafu huwa zimechomoza ardhini zikiwa zimebeba vijiwe na udongo vichwani, na jua likipanda zote huanguka. Hiyo si permafrosti, kwa kuwa haidumu hata siku moja, lakini maji huvutwa kwa namna ile ile.

Aina nyingine ni kabari za barafu. Baridi kali huipasua ardhi, nyufa za milimita chache hujaa maji ya theluji majira ya kuchipua, maji huganda, na mwaka unaofuata ufa hurudi palepale. Baada ya maelfu ya miaka kabari huwa na upana wa mita kadhaa. Katika mashapo ya Siberia na Alaska yanayoitwa yedoma, yaliyojengeka wakati wa enzi ya barafu, kabari hizi pamoja na barafu nyingine huchukua nusu ya ujazo wote wa ardhi, na mahali pengine zaidi ya robo tatu.

Kemia yake huanza na kanuni moja: fuwele ya barafu haina nafasi ya chumvi. Maji yanapoganda, chumvi husukumwa nje na kubaki katika maji machache ambayo hayajaganda, na kadiri yanavyozidi kuwa na chumvi ndivyo yanavyokataa kuganda. Aidha, utando mwembamba wa maji hubaki umeshikamana na chembe za mfinyanzi hata chini ya sifuri. Ndiyo maana udongo uliotokana na mashapo ya bahari, kama ulio katika pwani za Aktiki, unaweza kuwa na nyuzi 2 chini ya sifuri ukawa bado laini na usioweza kubeba nguzo ya nyumba. Chini ya Utqiaġvik huko Alaska na katika rasi ya Yamal huko Urusi yamo hata matabaka ya maji makali ya chumvi yaliyozungukwa na permafrosti pande zote.

Tabaka la juu, linaloyeyuka kila kiangazi, huoshwa na mvua na maji ya theluji mwaka hadi mwaka, lakini udongo ulioganda chini yake haujaoshwa. Katika kaskazini magharibi mwa Kanada, kuanzia delta ya mto Mackenzie hadi kisiwa cha Herschel, imeonekana kwamba kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na salfeti huongezeka mtu anapovuka kwenda chini mpaka kati ya matabaka hayo mawili.

Pamoja na chumvi imo kaboni ya mimea na wanyama wasiowahi kuoza vizuri. Makadirio ya ukanda wa kaskazini ni takriban tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya kaboni iliyomo hewani. Udongo ukiyeyuka bakteria huanza kazi, na wanachokitoa hutegemea barafu iliyokuwapo: ardhi iliyokuwa na barafu nyingi hushuka, shimo likajaa maji, oksijeni ikakosekana, na gesi ya methani ikatoka; lakini penye barafu chache maji huchuruzika, hewa huingia, na kinachotoka zaidi ni kabonidaioksaidi.

Madini nayo huamka. Mwamba wenye salfidi ya chuma ukifikiwa na maji na oksijeni hutoa asidi ya salfuriki na chuma kilichoyeyuka. Katika milima ya Brooks huko Alaska, vijito vingi vilivyokuwa na maji maangavu vimegeuka rangi ya chungwa katika miaka ya karibuni, na watafiti wanaihusisha hali hiyo na kuyeyuka kwa permafrosti kwenye miteremko iliyo juu yake. Rangi hiyo ni chuma kilichopata oksijeni, kikashikamana na mawe ya kitako cha kijito kama kutu.